Mama hataki maji kwa kuogopa choo cha usiku, na kaskazi imekaza

SWALI

Shikamoo mshauri,

Ninaishi Tanga na mama yangu mwenye miaka 74. Ana presha ya siku nyingi. Kila usiku baada ya sala ya Isha, kama saa 2, humeza amlodipini ya miligramu 10 na kidonge kingine chenye losartani miligramu 50 pamoja na haidroklorothiazaidi miligramu 12.5. Magoti yakimuuma, na siku hizi ni kila siku, humeza diklofenaki ya kununua duka la dawa.

Tangu kaskazi, msimu wetu wa joto wa pwani, iingie hali yake si nzuri. Mchana kichwa kizito, chakula hakimpendezi, na jioni miguu imevimba hata viatu havimwingii. Nikimpa maji hunywa mafundo mawili akaweka kikombe chini. Anasema maji yanampeleka chooni mara nne usiku, choo chenyewe kiko uani, na mchana hataki udhu umtenguke kabla ya sala. Wiki mbili zilizopita aliamka saa 7 usiku akaanguka mlangoni. Hakuvunjika. Siku ya pili mchana mwili ukawa wa moto na akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Duka la dawa walitupa dawa ya mseto ya malaria bila kumpima. Nikampa pia dafu na ORS, jioni akapata nafuu. Kliniki walimpima presha ikawa 126/74, wakasema iko vizuri, aendelee na dawa zake.

Nyumba yetu ni ya bati, haina dari. Kaka anataka tumwekee feni, shangazi anasema feni inaleta nimonia. Je, nimlazimishe maji? Nimpe ORS kila siku? Na dawa za presha aziache mpaka joto lipungue?

Mtoto wa Mama, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Usianze kwa kumlazimisha maji. Mama yako ana hoja. Anakojoa mno usiku, na njia ya chooni imeshamwangusha. Anapokosea ni mahali pamoja tu, pale anapodhani mkojo huo umetokana na maji anayokunywa mchana. Kwa namna ulivyoeleza, sehemu kubwa inatokana na saa anayomeza dawa, na maji yaliyojikusanya miguuni. Hayo mawili yakirekebishwa atakunywa bila ugomvi.

Tazama kidonge kwanza. Haidroklorothiazaidi ni dawa ya kukojoza. Huanza kazi masaa 2 baada ya kumezwa, hufika ukali wake karibu masaa 4 baada ya kumezwa, na huendelea kwa masaa 6 hadi 12. Akiimeza saa 2 usiku, figo zinaanza kumwaga maji saa 4, zinakaza saa 6, na zinaendelea hadi alfajiri. Hata asiponywa tone baada ya adhuhuri, ataamka tu. Dawa hiyo mahali pake ni asubuhi, ili safari za chooni ziishe kabla ya jua kuzama. Mwambie daktari au mfamasia kwamba mnataka kuihamishia asubuhi. Ni ombi la kawaida na hawatalishangaa. Jambo la kuchunga siku ya kuhamisha ni asimeze usiku kisha akameza tena alfajiri. Dozi mbili zikikaribiana hivyo, presha inaweza kushuka ghafla akaanguka tena.

Sasa miguu. Amlodipini hutanua mishipa midogo ya damu, na maji huvuja kutoka kwenye mishipa hiyo yakaingia kwenye nyama za vifundo. Ya miligramu 10 huvimbisha zaidi kuliko ya 5, na joto huongeza kwa sababu nalo hutanua mishipa. Mchana kutwa mama amekaa, maji yanateremka na kukusanyika miguuni. Usiku akijilaza, yale maji yanapata njia ya kurudi kwenye damu, figo zinayapokea na kibofu kinajaa. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda na kiu na usiku akajaza poti.

Kabla ya kufanya lolote kuhusu uvimbe huo, muulize mambo matatu. Akilala chali pumzi inambana, au analazimika kulalia mito miwili mitatu? Mguu mmoja umevimba zaidi ya mwenzake na unauma? Uso nao unavimba asubuhi? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, huenda tatizo ni moyo, figo au damu iliyoganda mguuni. Hapo aonwe na daktari kwanza, na usimwongezee maji kabla ya hapo, kwa sababu moyo au figo zilizochoka huelemewa na maji mengi.

Kama hana dalili hizo, fanya hivi kila siku. Saa 9 alasiri, au mara tu baada ya sala ya Alasiri, alale kwa saa nzima, miguu juu ya mito miwili, vifundo vikiwa juu kuliko kifua. Maji ya miguuni yatarudi kwenye damu wakati huo na atayakojoa jioni, kabla ya kulala. Akiwa amekaa, avute nyayo juu na kuzishusha mara 20 kila baada ya muda, maana misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayopandisha damu kutoka chini. Siku tatu nne zikipita, hesabuni safari za usiku. Zikipungua kutoka nne hadi mbili, mama mwenyewe ataanza kukuamini kuhusu kikombe cha maji.

Na kikombe ni lazima, kwa sababu mwili wa mtu wa miaka 74 hautunzi maji kama wako. Kiu yake huchelewa. Figo zake haziwezi tena kubana mkojo sawasawa maji yakipungua. Jasho nalo hutoka kidogo na kwa kuchelewa, kwa hiyo joto linabaki ndani. Kungoja aseme ana kiu ni kungoja mpaka ameshapungukiwa.

Mwanamke wa umri wake anahitaji vinywaji visivyopungua lita 1.6 kwa siku, mwanamume lita 2. Chai, uji mwepesi, supu na maziwa vyote vinahesabiwa. Si kweli kwamba chai inakausha mwili. Kikombe cha chai ya kawaida humwachia mnywaji maji mengi kuliko kinayomtoa. Tafuta kikombe kimoja cha mililita 250 kiwe ndicho kipimo chake. Baada ya Alfajiri anywe kimoja pamoja na dawa. Saa 2 asubuhi chai au uji, kimoja. Saa 4 maji. Chakula cha mchana, baada ya Adhuhuri, kimoja tena. Baada ya Alasiri kimoja, na saa 11 jioni cha mwisho kilichojaa. Magharibi, na chakula, nusu kikombe. Jumla ni lita 1.6 na ushee, na karibu yote imeingia kabla ya giza. Siku ya joto kali lenye jasho jingi ongeza kimoja au viwili, hasa asubuhi. Hilo la udhu, vikombe vifuate sala badala ya kuitangulia: anaswali kwanza, kisha anakunywa, na hadi sala inayofuata ameshakwenda chooni. Tikiti maji, machungwa na matango vinasaidia kwa asiyependa maji matupu.

Usimmiminie lita tatu nne kwa nia njema. Dawa za kundi la haidroklorothiazaidi hupoteza sodiamu, yaani madini ya chumvi, kwenye mkojo, na wanawake wazee ndio huathirika zaidi. Akizidisha maji matupu juu ya dawa hiyo, sodiamu ya damu hushuka, na dalili zake ni kichwa kizito, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa. Ukiangalia vizuri, ndizo zile zile za kupungukiwa maji. Huwezi kuzitofautisha kwa macho nyumbani.

Hapo ndipo barua yako iliponitia hofu kuliko pengine popote: siku aliyosema maneno yasiyoeleweka. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla ni mgonjwa wa dharura, iwe chanzo ni joto, sodiamu, sukari, maambukizi, malaria au kiharusi. Na kwa kuwa mama alikuwa ameanguka usiku uliotangulia, damu kuvuja ndani ya kichwa ilikuwa ya kuangaliwa pia. Kama tangu hapo kichwa kinamuuma zaidi, analala kupita kawaida au upande mmoja umelegea, mpelekeni hospitali leo. Dawa ya mseto bila kipimo haikumsaidia kujua lolote. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu ya kidole na majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kisipofanywa, ugonjwa halisi unabaki umejificha.

Diklofenaki aiache. Hili halisubiri kliniki. Losartani hulegeza shinikizo ndani ya figo, haidroklorothiazaidi hupunguza maji ya damu, na diklofenaki hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Kila moja peke yake huvumilika, lakini zote tatu kwa mzee asiyekunywa maji wakati wa joto zinaweza kuzimisha figo ndani ya siku chache. Tena diklofenaki hupandisha presha na kuvimbisha miguu, yaani inavuruga dawa alizoandikiwa. Ibuprofeni ni ndugu yake, isichukue nafasi. Kwa magoti mpe parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 mara 3 kwa siku, asizidishe hapo, mradi hana ugonjwa wa ini na uzito wake unazidi kilo 50. Dawa ya kupaka gotini ni salama zaidi kuliko ya kumeza, kwani kidogo sana huingia kwenye damu.

Za presha asiziache kwa uamuzi wa nyumbani. Akiziacha ghafla presha itapanda, na kiharusi hakingoji msimu. Isipokuwa siku moja: akiharisha au kutapika sana na hawezi kunywa, piga simu au nenda kituoni siku hiyo hiyo uulize kama kile kidonge cha losartani chenye dawa ya kukojoza kisimamishwe mpaka apone. Mara nyingi jibu huwa ndiyo.

Ile 126/74 haikuonyesha tatizo lake kwa sababu alipimwa amekaa. Anaanguka anaposimama, basi apimwe amesimama. Namna yake ni hii: apumzike dakika 5 amelala au amekaa, apimwe, kisha asimame, apimwe baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3, mtu akiwa amemshika. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yake inaanguka anapoinuka. Kama mnayo mashine ya mkononi nyumbani, pimeni asubuhi kabla ya dawa kwa siku saba, mwandike kwenye daftari, mkampe daktari. Kwa karatasi hiyo anaweza kupunguza amlodipini iwe miligramu 5, jambo litakalosaidia miguu pia. Bila karatasi hiyo hana sababu ya kubadilisha kitu.

Usiku usimwache aende uani. Weka poti au ndoo yenye kiti imara karibu na kitanda, taa ndogo iwake, na jamvi linaloteleza litolewe. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda dakika 2, achezeshe nyayo, ndipo ainuke akishika kitu kisichosogea. Wazee wengi huona poti ni aibu. Mwambie ni kwa msimu huu, na ulimwage wewe mwenyewe bila maneno.

ORS si kinywaji cha kila siku kwa mwenye presha. Pakiti ya gramu 20.5 huchanganywa na lita 1 kamili ya maji safi, na lita hiyo ina sodiamu sawa na ya chumvi gramu 4 na ushee, wakati kiwango cha chumvi kwa siku nzima kinapaswa kuwa chini ya gramu 5. Itunze kwa siku ya kuharisha, kutapika, au jasho jingi lililomlegeza. Hapo anywe kidogo kidogo, kikombe kimoja kwa nusu saa. Usipunguze maji ili iwe kali, maana chumvi ikizidi humkausha zaidi, na usiitumie baada ya masaa 24. Dafu nalo ni zuri, ila lina potasiamu nyingi, na losartani huzuia potasiamu isitoke. Figo zikiwa na hitilafu, mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Mpaka apimwe damu, dafu liwe moja tu kila baada ya siku kadhaa, si mawili matatu kila siku.

Kuangalia rangi ya mkojo au kufinya ngozi ya mkono, kama tunavyofundishwa kwa watoto, hakuaminiki kwa mzee. Ngozi yake imelegea kwa umri, na mkojo unaweza kuwa mweupe kwa sababu ya dawa ingawa amekauka. Mizani ni bora. Apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, na nguo za aina moja. Akipungua kilo 1 ndani ya siku moja au mbili, karibu lita nzima ya maji imetoka. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, maji yanajaa, aonwe.

Kuhusu feni, kaka yako yuko sahihi, na shangazi aelezwe kwa upole kwamba nimonia huletwa na vimelea, upepo wa feni hauvibebi kutoka popote. Mwambao wetu wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la kivulini mchana huwa nyuzi 32 au 33, usiku 25 hivi, na unyevu mwingi. Kinachotesa hapa ni unyevu: jasho linadondoka badala ya kukauka juu ya ngozi, na jasho lililodondoka halijapoza kitu. Feni husaidia likauke. Kwa kuwa mama hatoki jasho la kutosha, mpe jasho la bandia. Lowesha khanga, ikamue, mfunike mabegani na mapajani, feni ikiwa mita moja au mbili, na uiloweshe tena ikikauka. Miguu kwenye beseni la maji ya bomba dakika 20 inapoza sana. Mahali ambapo hewa inapita nyuzi 35, kama Lodwar kaskazini mwa Kenya, na zaidi Muscat ya Oman inapofika Juni, feni kavu peke yake huanza kupuliza joto. Huko lazima maji ya kulowesha au chumba chenye kiyoyozi.

Nyumba ya bati ina tabia yake. Watu husema funga madirisha mchana ili ubaridi usitoke. Hilo linafaa nyumba ya mawe yenye kuta nene. Chini ya bati lisilo na dari, saa 7 mchana ndani huwa kuna joto kuliko nje, na ukifunga unampika. Fungua pande mbili hewa ipite, na kuanzia saa 6 mchana hadi saa 10 jioni mtoe kabisa akae chini ya mwembe au mwarobaini, kwenye kiti chenye egemeo. Jiko la mkaa litoke ndani. Linaongeza joto na hewa yake ya sumu huua. Mkipata fedha, pigeni dari, acheni matundu ya hewa kati yake na bati. Kwa gharama ndogo zaidi, rangi nyeupe juu ya bati hurudisha sehemu kubwa ya jua.

Siku mwili ukimwaka na akili ikapotea, usitafute parasetamoli, haishushi joto la namna hiyo. Mlaze kivulini, mpunguzie nguo, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma huku mkimpepea. Barafu zifungwe kwenye kitambaa, ziwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asinyweshwe kitu kama hajitambui, kitaingia kwenye mapafu. Mwili ukifika nyuzi 40 kila dakika inahesabika, basi anza kupoza kabla gari halijafika na uendelee ndani ya bajaji njia nzima. Usingoje ngozi iwe kavu ndipo uamini ni joto. Pwani wengi huzidiwa huku wamelowa.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya kaskazi. Akitaka kufunga, daktari na sheikh wasikilizwe mapema. Kwa mzee wa hali hii dini ina nafasi ya fidia, yaani kulisha maskini badala ya kufunga.

Nendeni kliniki wiki hii, msingoje tarehe ya kadi. Weka dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na zile za kununua dukani usiziache nyumbani. Omba kipimo cha figo, sodiamu, potasiamu, sukari na wingi wa damu, pamoja na mkojo, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo nayo humwamsha mzee usiku na kumchanganya. Na muuguzi akimaliza kumpima presha, kabla hajavua mkanda, mwambie: "Tafadhali, mpime tena amesimama."